Oili Haipimwi Mteremkoni

Desemba iliyopita mdogo wangu Ndekirwa alipanda kwetu Vudee, milimani Upare, na gari lake la kwanza. Ni gari dogo la rangi ya fedha, limezoea lami, na tulilisikia likilalamika tangu kona za chini ya kanisa. Eliamini, anayenifuata mimi kuzaliwa, alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja na kikombe cha chai mkononi. Akasikiliza, akasema, "Huyo ni Ndeki. Mlima unataka gia ya kwanza, yeye anaubembeleza na ya pili." Ndeki alipofika hakulisimamisha gari mlangoni kama wageni wanavyofanya. Alilipeleka moja kwa moja nyuma ya jiko, kwenye kile kipande cha ardhi ambacho nyumbani kwetu tunakiita Mezani. Akazima, akashuka, akasema "Shikamoo dada," na kabla sijamaliza kuitikia alikuwa ameshaingia jikoni kuomba sinia na maji. Aliliweka sinia chini mbele ya gari, akamimina maji, akachuchumaa kuyatazama. Mume wake, mtu wa Dodoma, mpole na msafi, aliniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo ni mila ya Wapare. Nikamwambia ndiyo. Kisha nikakaa kwenye kigoda nikaanza kucheka, na kicheko hicho kikanirudisha mwaka niliokuwa na umri wa miaka kumi na tisa, Eliamini kumi na tatu, Ndeki minane, na sote watatu tulikuwa tunategemea injini moja.

Wazazi wetu walikuwa wametangulia, wote wawili. Hilo lina mahali pake pa kusimuliwa, na si hapa. Mimi shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili. Hapa nataka kuanzia jikoni, siku ya kikao cha ukoo baada ya msiba wa baba, kwa sababu yote niliyoyafanya mwaka ule yalianzia jikoni. Jiko letu limetenganishwa na nyumba kubwa kwa uchochoro mwembamba, na dirisha la sebule lilikuwa wazi. Mimi nilikuwa nakoroga chai ya tangawizi, Ndeki anachambua maharage. Tukamsikia shangazi yetu aliyeolewa Shighatini akisema, "Mdogo nitamchukua mimi. Ana mikono ya kazi, na shule kwetu haiko mbali." Sauti nyingine ikauliza, "Na wa kiume?" Baba Mdogo, mdogo wake baba, akajibu, "Nitakaa naye Same mjini." "Na huyu mkubwa?" Mtu akasema, "Mkubwa ataolewa." Walizungumza kwa upole, na hicho ndicho kilichonitisha, maana mtu akisema kwa ukali unaweza kumbishia. Ndeki aliacha kuchambua. Alishika punje moja ya maharage kati ya vidole viwili akaitazama kana kwamba hajawahi kuona maharage.

Nikachukua birika nikaingia sebuleni. Nilimwaga chai kikombe kwa kikombe, kwa wakubwa wote, nikipiga goti kama nilivyofunzwa, na nilipofika kwa Baba Mdogo nikasema, "Baba, naomba pikapu." Akauliza, "Pikapu ya kufanyia nini?" Nikamwambia nitabeba mizigo ya watu kwenda Same, nirudi na bidhaa za maduka ya huku juu, na wadogo zangu wasome hapa hapa. Leseni nilikuwa nayo. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kushuka zile kona, akiwa ameshika mlango kwa mkono mmoja na kofia kwa mkono mwingine. Mzee mmoja akasema mlima ule umewashinda wanaume. Shangazi akamwambia, "Umekushinda wewe, kwa sababu ulikuwa unashuka umekunywa." Watu wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia kuliko hoja yoyote ambayo ningeitoa. Baba Mdogo hakucheka. Alikunywa chai hadi nusu, akaweka kikombe. "Mwaka mmoja," akasema. "Gari likitembea mwaka mmoja, watoto watakaa na wewe. Likifa njiani, naliuza, na watoto wanakwenda kama tulivyopanga. Sina ubaya na wewe, mwanangu. Ila nimeshayaona magari yakifa."

Mpaka leo watu wakinihurumia kwa mwaka ule nashindwa kuwaeleza jinsi ulivyokuwa mtamu. Asubuhi za soko nilitoka ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba. Nyuma nilibeba ndizi, maharage, kabichi, magunia ya tangawizi, na juu ya magunia walikaa kina mama na kanga zao. Mbele alikaa Mama Eliakimu, jirani yetu wa bonde la pili, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Yeye ndiye aliyegawa zamu za maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, na kwa hiyo hakukuwa na mtu Vudee aliyethubutu kugombana naye wakati wa kiangazi. Njia nzima aliniendesha. "Kona hiyo. Taratibu. Jiwe. Umeliona jiwe? Sasa achia, achia, unaogopa nini, chini ni Same tu." Na kweli chini ilikuwa Same: tambarare yenye upepo wa moto, paa za mabati ziking'aa, mabasi yakipita barabara kuu kama yamefukuzwa. Ukishuka kutoka kwetu unavua sweta njiani, na ukifika sokoni umeshasahau kwamba duniani kuna baridi.

Gereji aliyokuwa akiitumia baba ilikuwa pembeni mwa barabara kuu, chini ya mwarobaini, na mwenye gereji alikuwa Fundi Rajabu. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya mkono iliyokuwa nyeupe zamani, na hakuweza kufungua nati bila kuisemesha. Kwake nilikunywa supu na chapati kila siku ya soko, tukikaa kwenye kiti cha basi kilichong'olewa. Aliniita "binti wa milimani." Siku moja, miezi mitatu tangu nianze kazi, nilifika gari likiwa limetimiza kilomita zake za kubadilisha oili, nikampa ufunguo kama kawaida nikaenda kukaa. Akanirudishia. "Leo sishiki spana," akasema. "Kesho nakwenda Tanga kumuuguza mama yangu, na sijui nitarudi lini. Mafundi wengine wapo, lakini siku utakayokwama huko kwenu juu, fundi gani atapanda? Shuka shimoni."

Nikafunga kanga kiunoni nikashuka. Nakumbuka baridi ya shimo lile katikati ya joto la Same, harufu ya grisi na mchanga, na tumbo la gari juu ya uso wangu. Sikuwahi kulitazama gari kutoka huko. Ni kama kumwona mtu unayemheshimu akiwa amelala usingizi. Fundi Rajabu alichuchumaa juu akinielekeza. Washa kwanza injini ipate joto kidogo, oili moto hushuka na uchafu wake. Hii ndiyo nati ya kumwagia oili ya injini. Ile ya nyuma ni ya gia boksi, usizichanganye, wapo wanaume waliozichanganya na hawasemi. Fungua kwa spana, maliza kwa vidole, mkono utoe haraka. Sikuutoa haraka. Oili ilinishukia hadi kwenye kiwiko, nyeusi na yenye joto, na Fundi Rajabu akasema, "Vizuri. Sasa umebatizwa, maana nyinyi wa juu mnapenda ubatizo." Akanionyesha filta, jinsi ya kupaka oili safi kwenye mpira wake na kuifunga kwa mkono tu. Akanionyesha kikombe cha maji ya breki, maji ya rejeta yasiyofunguliwa yakiwa moto, na mwisho kijiti cha kupimia oili chenye alama mbili. "Kopo la oili linaweza kukudanganya," akasema. "Kijiti hakidanganyi. Kila asubuhi, kabla hujawasha, chomoa, futa, rudisha, chomoa tena. Oili ikae kati ya alama hizi. Ikipungua, ongeza." Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa kila neno alilolisema.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu niliifanya nyumbani, mvua za masika zilipokaribia kwisha. Eliamini alikata mawe makubwa mawili ya kuzuia magurudumu, Ndeki alipewa cheo cha kushika kitambaa. Uwanja wetu, kama uwanja wowote wa Vudee, ulikuwa umelalia mlima. Gari likasimama limeinua pua kama mbuzi anayefikia majani. Nilijilaza chini yake juu ya gunia. Nati ilikataa. Nikaisemesha kama Fundi Rajabu, kwa maneno yake yale yale, na Ndeki akaniuliza kwa heshima kama naomba au natukana. Ilipolegea nikautoa mkono haraka, na oili ikaanguka kwenye karai kwa mkunjo mmoja mzuri usiokatika, na sisi watatu tukaitazama hadi tone la mwisho. Nilifunga filta mpya, nikamimina oili mpya ya rangi ya asali, nikasubiri, nikachomoa kijiti. Kilikuwa karibu kikavu. Mpaka siku ile nilikuwa nimekipima Same tu, siku za soko. Nilishangaa, maana nilikuwa nimeweka kipimo chote alichonitajia fundi. Lakini si alisema kopo linadanganya na kijiti hakidanganyi? Nikaongeza. Bado. Nikaongeza tena mpaka ikafika kati ya alama. Nilipowasha injini na ikaitika, Eliamini alipiga karai kwa bua la mhindi, Ndeki akacheza. Mimi nikakaa kwenye ngazi ya jiko nikitazama kucha zangu nyeusi, na sidhani kama nimewahi kujiona mtu mkubwa kama siku ile.

Wiki hiyo gari likaanza kutoa moshi. Kwanza kidogo, wa bluu, kwenye kona za kupanda. Kisha kina mama wa nyuma wakaanza kujifunika pua, wakanipa jina. "Dereva, leo unakaanga nini?" Mama Eliakimu alisema gari linavuta tumbaku kama mume wake na litaishia kukohoa kama yeye. Nguvu ikapungua, matone meusi yakaachwa kila tuliposimama. Na mimi, sasa kila asubuhi, kwa uaminifu, kabla sijawasha, nikachomoa kijiti, nikaona oili imekaa chini kidogo ya alama, nikaongeza. Nilidhani linakunywa. Nilivyozidi kulinywesha ndivyo lilivyozidi kutoa moshi. Siku ya soko iliyofuata Baba Mdogo alituona tukiingia Same na wingu letu nyuma. Alikuja mpaka sokoni, akazunguka pikapu mara moja, mikono mgongoni. "Limekufa hili," akasema bila hasira. "Bado linatembea tu. Jumamosi nakuja na mtu wa kulinunua kabla halijawa chuma chakavu. Waandae watoto." Hiyo ilikuwa Jumanne. Fundi Rajabu alikuwa Tanga. Nilipanda mlima jioni ile katika gia ya kwanza, Mama Eliakimu kando yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunielekeza hata kona moja.

Sikuwaambia wadogo zangu, lakini Ndeki alikuwa na masikio yaliyokulia uchochoroni mwa jiko letu. Kesho yake mchana nilibandika makande. Moja ya mafiga matatu lilikuwa limedidimia kwa ule unyevu wa masika, na sufuria likalala upande. Nilikuwa nje nikitazama gari kama mtu anayetazama mgonjwa, nikasikia Ndeki akiita. "Dada, makande yanaungua." Nikamwambia aongeze maji. "Nikiongeza yanamwagika." Nikakasirika nikaingia. Aliniuliza, na hakuwa anatania: "Huku yamejaa, huku yamekauka. Sasa yamejaa au yamepungua?" Nilisimama na mwiko mkononi. Upande wa chini maji yalikuwa yakifurika ukingoni na kuzomea kwenye moto. Upande wa juu mahindi yalikuwa yameshika sufuria, makavu, yakinuka. Nikatoka mbio. Ndeki baadaye alisema alidhani nakwenda kukata fimbo. Nilikwenda kwenye pikapu, nikafungua boneti, nikaangalia kijiti kilipo: mbele kabisa ya injini. Na gari lilikuwa limeinua pua. Oili yote ilikuwa imekimbilia nyuma kama maji ya makande, na kijiti kilikuwa kikipima upande mkavu. Halikuwa likinywa. Lilikuwa limezama.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Fundi Rajabu alikuwa amenifundisha kila kitu isipokuwa kitu kimoja, kwamba gari lisimame mahali palipo sawa, na hakuniambia kwa sababu hakuwahi kuishi mahali ambapo si sawa. Same yote ni tambarare. Mtu wa Same hawezi kukumbuka kukwambia utafute tambarare, kama vile samaki hawezi kukukumbusha maji. Na mimi niliyezaliwa mlimani sikujua kwamba mlima umeinama. Ndivyo nilivyoijua ardhi tangu naanza kutambaa.

Tatizo likawa kupata mahali palipo sawa Vudee. Nilipeleka gari kanisani. Mzee wa kanisa akaona lile tone la oili kwenye changarawe aliyoipanga kwa ajili ya Jumapili, akaniomba niende na amani ya Bwana. Uwanja wa mpira wa shule nao tunaujua: una goli la juu na goli la chini, na timu ya goli la juu haijawahi kushindwa kipindi cha kwanza. Nikarudi nyumbani, nikachukua jembe, nikaanza kuchimba nyuma ya jiko. Eliamini aliporudi shule alichukua la pili. Tulichimba hadi Mama Eliakimu akapita na mundu wake begani, akasimama. "Mnamzika nani?" Nikamweleza yote, kuanzia makande. Alisikiliza mpaka mwisho, akalitazama shimo letu, ambalo lingetosha mbuzi. "Kwa mwendo huo Jumamosi itawakuta mmefika magotini," akasema. "Ndiva tunaichimba ili mahindi yaote. Mahindi yakiota yanashuka Same kwa kitu gani? Kwa miguu yangu?" Akaondoka bila kuaga.

Ijumaa asubuhi pembe ikalia. Wale waliokulia kwetu wanaijua ile sauti inayoita msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Ukiisikia unaacha ulichoshika, na usipokwenda wewe utajua wakati zamu yako ya maji itakapofika. Walikuja na majembe, sururu, na mitarimbo, wanaume na wanawake, kina mama wa nyuma ya pikapu wakiwa wa kwanza. Mmoja akatangaza kwamba amekuja kulipa kisasi cha moshi. Walikata mlima upande wa juu, wakajaza upande wa chini, wakajenga ukingo wa mawe kama wanavyojenga matuta ya mashamba. Kazini maneno hayakukatika. "Chimba, usibembeleze, huo si uchumba." "Wewe jembe lako limekuja kutembea?" "Mpare anamchimbia mwenzake bure, leo mvua itanyesha ya mawe." Mimi nilikuwa jikoni na masufuria mawili ya makande, yamesimama wima juu ya mafiga niliyoyapanga upya, na kupitia ule ule uchochoro nikasikia mzee mmoja akiuliza hawa watoto kwani wanakwenda wapi, na Mama Eliakimu akimjibu, "Hawaendi. Ndiyo maana unatoka jasho."

Mchana Mama Eliakimu akaomba sinia. Mifereji ya ndiva hupimwa kwa maji, na yeye alikuwa ameipima maisha yake yote. Aliliweka sinia katikati ya ardhi mpya, akamimina maji kidogo, akalala kifudifudi, mwanamke yule mrefu, shavu lake likigusa udongo, jicho moja limefumba. "Upande wa migomba, vidole viwili." Wakakwangua. Akahamisha sinia. "Hapa kidole." Wakakwangua. Mara ya saba maji yalienea hadi kingo zote na kutulia, na watu thelathini wakaacha majembe wakainama kuyatazama. Ndeki ndiye aliyeanza. "Pamekuwa kama mezani," akasema, na jina likabaki.

Nilipandisha pikapu, nikaisimamisha, nikazima. Tulikula makande wakati oili inatulia. Kisha nikachomoa kijiti, na oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa zaidi ya kidole kizima. Nilijilaza chini, nikalegeza nati, nikaipunguza kidogo kidogo, nikapima, nikapunguza, nikapima, hadi ikatua katikati. Ile iliyozidi ilikuwa bado safi, ya siku chache tu, na mimi ni Mpare, hatutupi kitu. Niliihifadhi kwenye galoni nikaifunga kifuniko. Injini ilipowaka ilitoa moshi wake wa mwisho kwa dakika kadhaa, ikikohoa mabaki, na kisha nyuma ya gari kukawa na hewa tupu na migomba. Kina mama wakapiga vigelegele kana kwamba nimezaa.

Jumamosi Baba Mdogo alifika na mnunuzi, bwana mmoja mnene mwenye kalamu sikioni, wakiwa kwenye gari la huyo mnunuzi. Nilikuwa nimewavalisha watoto nguo za kanisani. Ndeki alikuwa na begi lake dogo miguuni. Nilikuwa sijamwambia alifungashe, na sikujua ndani ameweka nini. Baba Mdogo aliitazama ile ardhi kwa muda kabla ya kulitazama gari. Kisha akaomba ufunguo akawasha mwenyewe. Akaenda nyuma akasimama penye bomba la moshi, akaweka leso yake nyeupe mbele yake, akaikagua. Mnunuzi aliinamisha kichwa kwenye injini kama daktari, akasikiliza, akakanyaga mafuta, akasikiliza tena. Akamwambia Baba Mdogo, "Mzee, hili siwezi kununua. Mimi nanunua magari mabovu." Baba Mdogo akazima. Akachomoa kijiti, akakifuta kwa leso, akakirudisha, akakichomoa. "Nani amekutengenezea?" Nikamwambia hakikuwa kitu cha kutengeneza, lilikuwa kosa langu, na nikamweleza. Nilikuwa naeleza nikitazama viatu vyake. Nilipomaliza nikainua macho, na nikamwona anatazama sinia lililoegemezwa ukutani na jembe la Eliamini kando yake.

"Hebu mpimie na huyu bwana," akasema.

Mnunuzi akasema lake halina shida, amelipima wiki hii, huko milimani kwa rafiki yake Bombo, asubuhi na mapema, likiwa limeegeshwa pua ikitazama bondeni. Tukamwambia aliingize Mezani hata hivyo. Nilichomoa kijiti chake. Ncha ilikuwa na alama ya oili nyembamba kama wanja. Alikuwa amepanda mlima wetu wote karibu hana kitu, na yule bwana mnene alikaa kwenye ukingo wa mawe akatoa kalamu sikioni bila sababu yoyote. Nikaenda jikoni nikaleta galoni langu. Nilimmiminia, nikapima, nikamimina, hadi ikatosha. Na hapo Baba Mdogo alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba, na nilikuwa nimesahau kwamba hucheka kama baba, kwa mabega. "Umekuja kununua gari," alimwambia mwenzake, "unaondoka na oili ya watoto." Kisha akainama, akachukua begi la Ndeki, akalipeleka mwenyewe ndani ya nyumba. Alipotoka aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shangazi yenu nitamwambia asitandike kitanda."

Begi lile nililifungua jioni. Ndani mlikuwa na gauni moja, daftari, na kile kitambaa cha kufutia kijiti.

Fundi Rajabu alirudi baada ya vuli, mama yake amepona. Nilimsimulia tukinywa supu. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, ile nchi yake yote iliyonyooka hadi upeo. "Sikukwambia usimamishe palipo sawa?" Nikamwambia hakuniambia. "Aa," akasema. "Sasa ningekwambia nini, wakati hapa hakuna pengine?" Tangu siku ile, kila mtu wa milimani aliyekuja kwake, Fundi Rajabu alianza kwa kumuuliza nyumbani kwake pakoje.

Pikapu ile ilitembea miaka kumi na moja zaidi. Ilimpeleka Eliamini sekondari na godoro lake, ikampeleka Ndeki chuo, na siku iliposimama kabisa ilisimama Mezani, kwa heshima. Watu huniuliza kama sikujutia shule. Nilijutia, miaka mingine zaidi ya mingine. Lakini ninapofikiria nilichojifunza nikiwa na miaka kumi na tisa, kwamba mtu anaweza kufuata kila neno aliloambiwa na bado akakosea kwa sababu ya ardhi aliyosimama juu yake, nashindwa kusema kwamba mwaka ule sikuwa darasani.

Siku ile ya Desemba Ndeki alibaki amechuchumaa mbele ya sinia muda mrefu. "Dada," akaita. "Mezani pameinama." Nikaenda. Kweli, maji yalikuwa yamekusanyika upande wa bonde. Mvua za miaka yote hii zimekula ukingo. "Vidole viwili," nikasema. Eliamini alishaweka kikombe chini na kwenda kutafuta majembe. Shemeji wa Dodoma alivua viatu vyake vizuri, akavipanga ngazini, akauliza achimbe wapi. Hatukupiga pembe, lakini mtoto wa Mama Eliakimu alitusikia akaja, na nyuma yake wakaja wengine, na nikalazimika kubandika makande. Jua lilipoanza kwenda upande wa nyika maji yalitulia kwenye sinia. Ndeki alifunga kanga kiunoni, akajilaza chini ya gari lake juu ya gunia. Nilianza kumwambia asisahau kuutoa mkono haraka. Eliamini akanigusa bega, nikanyamaza. Tukasikia spana, kisha tukamsikia akiisemesha nati, kwa maneno ya Fundi Rajabu, neno kwa neno. Alimimina oili mpya, akasubiri kama inavyotakiwa. Akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akakisoma mwenyewe, mgongo wake ukiwa umenigeukia. Akafunga boneti. Sikumuuliza imesoma wapi.